Namna ya Kufuatilia Bidhaa Moja Kutoka Mashariki Hadi Magharibi: Mfano wa Karatasi

Anayetaka kuelewa jinsi China, Asia ya Kati, nchi za Kiislamu na Ulaya zilivyopokezana mali na maarifa hapo kale, kwa kawaida huanza na ramani yenye mstari mmoja mnene unaotoka Chang'an, mji mkuu wa kale wa China, hadi ufukweni mwa Bahari ya Mediteranea. Ramani hiyo humpotosha mapema. Hapakuwa na barabara moja, bali mtandao wa njia zilizohama kadiri vita, ukame na ushuru vilivyobadilika, na wafanyabiashara wengi walisafiri kipande kimoja tu, wakauza, wakarudi kwao. Hata jina la Njia ya Hariri lilienezwa na mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877; waliopita katika njia hizo hawakulijua. Ni afadhali kuiweka ramani kando, kuchagua kitu kimoja, na kukifuata kutoka kituo hadi kituo. Mwongozo huu unatumia karatasi, kwa kuwa mara nyingi huandikwa tarehe, na kwa kuwa namna ilivyotengenezwa huonekana ndani yake hata baada ya miaka elfu moja.

Tenganisha safari tatu

Kabla ya kusoma chochote, chora safu tatu katika daftari. Katika ya kwanza utaandika lini bidhaa yenyewe ilifika mahali fulani. Katika ya pili, lini watu wa hapo walianza kuitumia kwa shughuli zao wenyewe. Katika ya tatu, lini walianza kuitengeneza. Makosa mengi katika maandishi ya historia ya biashara hutokana na kuchanganya mambo haya matatu. Hariri ni ushahidi mzuri: Warumi waliivaa kwa karne kadhaa bila kujua inavyopatikana, na ni katika utawala wa Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, yapata mwaka 552, mayai ya nondo wa hariri yalipofikishwa Constantinople. Aliyeandika tu kwamba hariri ilifika Roma hajaeleza hata nusu ya jambo.

Kisha weka mwanzo na mwisho wa safari. Kwa karatasi, kumbukumbu za China zinamtaja Cai Lun, ofisa wa kasri la nasaba ya Han, aliyewasilisha kwa mfalme mwaka 105 karatasi iliyotengenezwa kwa magamba ya miti, matambara na nyavu kuukuu za uvuvi. Usiishie hapo. Vipande vilivyofukuliwa kaskazini-magharibi mwa China vimeonyesha kwamba karatasi ilikuwapo karne mbili au zaidi kabla yake, kwa hiyo Cai Lun anastahili kuandikwa kuwa mtu aliyeiboresha, si aliyeianzisha. Upande wa pili, unaweza kuweka kinu cha karatasi cha Ulman Stromer huko Nuremberg, Ujerumani, kilichoanza kazi mwaka 1390. Kati ya vipande hivyo vya kale na kinu hicho kuna takribani miaka elfu moja na mia tano, na humo ndimo kazi yako ilimo.

Watafute watu wa katikati

Swali lenye faida kuliko yote ni nani aliyeshika bidhaa hiyo njiani, na kwa karatasi jibu la kwanza ni Wasogdi, watu wa lugha ya jamii ya Kiirani waliokaa Samarkand, Panjikent na miji ya jirani katika Asia ya Kati. Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein aliokota katika mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang, mji wa jangwani kaskazini-magharibi mwa China, mkoba wa barua zao zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 4 juu ya karatasi. Mojawapo ilikuwa ikipelekwa Samarkand na inaeleza habari za biashara na za kuanguka kwa mji wa Luoyang. Barua nyingine mbili ni za Miwnay, mwanamke aliyeachwa na mumewe Dunhuang bila fedha, akilalamika kwamba hana wa kumsaidia kurudi kwao. Mtafiti asiharakishe kuziruka barua za Miwnay kwa kuona ni mambo ya nyumbani tu: zinatuonyesha kwamba msafara ulikuwa na familia, madeni na jamaa wa kutegemewa au kutotegemewa, na kwamba tayari wakati huo karatasi ilikuwa kitu cha kawaida kwa mtu asiye mtawala wala mtawa.

Kundi la pili ni watawa wa Kibudha, waliohitaji kunakili maandiko kwa wingi. Pango namba 17 la Mogao, karibu na Dunhuang, lililofunguliwa mwaka 1900 na mtawa wa Kitao Wang Yuanlu baada ya kufungwa tangu karne ya 11, lilihifadhi makumi ya maelfu ya maandishi ya Kichina, Kitibeti, Kisogdi, Kiuighuri na hata ukurasa wa sala kwa Kiebrania. Humo pia ndimo ilimokuwa Sutra ya Almasi, andiko la Kibudha lililopigwa chapa mwaka 868. Picha za sehemu kubwa ya maandishi hayo zinapatikana bure mtandaoni kupitia mpango wa kimataifa wa Dunhuang, kwa hiyo huhitaji kusafiri ili uyaone.

Hapa pana tahadhari. Dunhuang imejaa karatasi kwa sababu jangwa ni kavu. India ilikuwa na watawa wengi na wanafunzi wengi zaidi, lakini unyevu na wadudu waliharibu maandishi yake mengi. Kwa hiyo, kila unapoona kituo kisicho na ushahidi, uliza kwanza hali ya hewa yake kabla ya kusema kwamba bidhaa haikufika.

Usiamini hadithi ya siku moja

Utakutana mara nyingi na maelezo kwamba Waislamu walijifunza kutengeneza karatasi kutoka kwa mateka wa Kichina waliokamatwa katika vita vya Talas, kati ya majeshi ya Waislamu na ya China huko Asia ya Kati, mwaka 751. Hadithi hii inavutia kwa kuwa ina tarehe, mahali na wahusika, na hizo ndizo sababu za kuichunguza. Chanzo chake kikuu ni mwandishi al-Tha'alibi, aliyeandika karne ya 11, yaani karibu miaka mia tatu baadaye. Linganisha na shahidi aliyekuwapo: Du Huan, Mchina aliyetekwa Talas na kurejea kwao mwaka 762, alitaja mafundi wa Kichina aliowakuta katika nchi za Waarabu, wakiwamo wafumaji, wachoraji na wafua dhahabu, lakini hakutaja watengeneza karatasi. Linganisha tena na nyaraka zilizopatikana katika mlima Mugh, Tajikistan, za Devashtich, mtawala wa Panjikent aliyeuawa mwaka 722. Nyingine zimeandikwa kwenye ngozi, nyingine kwenye vijiti vya mti, na nyingine kwenye karatasi, kabla ya Talas kutokea.

Kwa maoni yangu, ushahidi huu unatosha kusema kwamba karatasi ilifika Samarkand polepole kwa mikono ya wafanyabiashara na watawa, na kwamba vita, kama vilichangia, vilichangia kidogo. Katika daftari lako, Talas iandikwe pembeni kama masimulizi, na Mugh iandikwe katika safu ya pili.

Ingia karakanani

Safu ya tatu ndiyo ngumu, na wengi huiacha tupu. Ili kuijaza, angalia malighafi na vifaa. China ilitumia gamba la mforosadi na nyuzi nyingine za mimea. Huko Asia ya Kati na Iraki mafundi walitegemea zaidi matambara ya kitani, wakaipaka karatasi wanga na kuisugua hadi ikang'aa, kwa sababu kalamu ya mwanzi huhitaji uso laini, tofauti na brashi ya Mchina. Baghdad, iliyoanzishwa mwaka 762, ilikuwa na kinu chake cha karatasi kufikia miaka ya 790, wakati wa khalifa Harun al-Rashid. Watawala waliipenda, pamoja na mambo mengine, kwa kuwa wino huzama ndani yake na si rahisi kufutwa, ilhali maandishi ya ngozi yaliweza kukwanguliwa na hati ikaghushiwa. Kitabu cha Kiarabu cha karatasi chenye tarehe ya zamani sana, kilichopo Leiden, Uholanzi, ni cha mwaka 866.

Ulaya ilirudia mfuatano uleule: kwanza kununua, kisha kutumia kwa mashaka, mwishowe kutengeneza. Sisili ina barua ya karatasi ya mwaka 1109, ya Adelaide, mama yake mtawala wa Sisili Roger wa Pili, iliyoandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu. Karne ya 12 Xàtiva, katika Uhispania ya Waislamu, ilisifiwa kwa karatasi zake. Hata hivyo mwaka 1231 Frederick wa Pili, mfalme wa Sisili, alikataza hati za serikali kuandikwa kwenye karatasi kwa kuiona haidumu. Katika karne hiyohiyo mafundi wa Fabriano, Italia, walitumia nyundo zilizoendeshwa kwa maji, wakaacha wanga na kutumia gundi ya ngozi za wanyama, na tangu mwaka 1282 hivi wakaweka alama ya maji, yaani mchoro ndani ya karatasi unaoonekana ikiangaziwa.

Fuata pia njia ya kurudi

Usifunge daftari ukifika Ulaya. Kufikia karne ya 14 karatasi ya Italia ilikuwa ikiuzwa Misri na Afrika Kaskazini kwa bei iliyowashinda mafundi wa huko, na mwaka 1409 mwanachuoni Ibn Marzuq wa Tlemcen alilazimika kutoa fatwa kama inafaa kuandika juu ya karatasi ya Wakristo yenye alama za msalaba, naye akaruhusu. Baadaye karatasi za Ulaya zilifika hadi pwani yetu, na misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19 iliandikwa juu ya karatasi ya aina hiyo.

Ukipata ruhusa ya mwenye msahafu au ya makumbusho, fungua ukurasa usio na maandishi mengi na uweke taa hafifu nyuma yake, bila kuukunja wala kuulowesha. Mistari iliyonyooka yenye nafasi sawa ni dalili ya kiunzi cha waya, yaani fremu ambayo karatasi hufinyangwa juu yake, na kwa kawaida hiyo ni kazi ya Ulaya. Mistari iliyopinda au isiyoonekana vizuri huelekeza kwenye kiunzi cha majani au mwanzi, yaani kazi ya Asia. Ikiwa kuna alama ya maji, mathalani hilali tatu (miezi michanga) zilizopangwa kwa ukubwa, ichore, pima upana wake na umbali kati ya mistari, kisha ilinganishe na orodha za alama zilizochapishwa. Andika katika safu ya kwanza nchi karatasi ilikotoka, na katika safu ya pili jina la mji wa mnakili na mwaka alioutaja mwishoni mwa kazi yake.