Kirai au kishazi? Usihesabu maneno

Wazazi wenzangu mnaosaidia watoto kazi ya Kiingereza jioni: mtoto asitofautishe kirai (phrase) na kishazi (clause) kwa urefu. "Rain fell" ni maneno mawili tu, na ni kishazi. "In the old blue matatu at the Odeon stage" ni maneno tisa, na bado ni kirai.

Aulize: nani kafanya nini? Akipata kiima (huyo "nani") pamoja na kitenzi chenye wakati, hicho ni kishazi; asipopata, ni kirai. Linganisha "after the rain" na "after the rain stopped". Yote mawili yameanza na "after", kwa hiyo neno la kwanza halisaidii kitu. Ila katika la pili mvua imefanya jambo: imekoma. Ni kishazi, japo tegemezi, yaani hakisimami peke yake.

Binti yangu wa Gredi ya 8 alinaswa jana na "waiting for the bus". Aliona "waiting" akasema kitenzi hiki hapa, basi ni kishazi! Lakini nani anangoja, na lini? Hajatajwa. Nikamwambia aongeze "she was" mbele, akasoma kwa sauti, akatabasamu. Akafuta jibu mwenyewe.