Jinsi ya kupatana udalali wa nyumba Arusha bila kufungwa na bei ya pamoja

Kabla hujapanda bodaboda kwenda kuona chumba Sakina au Njiro, muulize dalali ada yake ni kiasi gani, nani anailipa na italipwa lini, kisha mwombe aandike majibu hayo na kuyatia sahihi. Mwaka jana niliandikiwa nyuma ya kikaratasi cha vocha, "kodi ya mwezi 1, baada ya kupewa funguo", na maneno hayo machache yaliniokoa pale nilipodaiwa mara ya pili.

Ukiambiwa kwamba madalali wote wa mtaa wamekubaliana kiwango kimoja, usikichukulie kuwa ni sheria. Mazoea ya kodi ya mwezi mmoja yanajadilika, ilhali makubaliano ya washindani ya kupanga bei yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hata yakipitia chama chao. Tunza ujumbe wa simu, risiti na tangazo lenye kiwango hicho, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Jambo hili si dogo. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba kilikubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za kamisheni, na tangu Agosti 17 mwaka huo mnunuzi husaini mkataba wa maandishi wenye ada ya wakala wake kabla ya kutembezwa nyumba.