Kabla Mtoto Hajalia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpima Mtoto Mgonjwa

Mtoto mgonjwa aliyepakatwa na mama yake humpa mhudumu wa afya dakika chache tu za utulivu, na dalili nyingi zinazotambulisha ugonjwa wake husomwa vizuri ndani ya dakika hizo. Akishaanza kulia, pumzi huenda mbio hata kama mapafu ni mazima, na kifua hakitazamiki tena kwa uhakika. Kwa hiyo chumba kiwe tayari kabla mtoto hajaingia. Saa yenye mshale wa sekunde iwekwe mahali inapoonekana vizuri, na kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono, kikombe chenye maji safi ya kunywa, pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini na, mahali penye malaria, vipimo vya haraka vya ugonjwa huo viwe mezani. Mhudumu akitoka kutafuta saa chumba cha pili, atarudi mtoto ameshalia.

Jambo la kwanza kuuliza ni umri, kwa kuwa viwango vyote vinavyofuata hutegemea umri. Mwongozo ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990 huwatenga watoto wachanga wa chini ya miezi 2 na wale wa miezi 2 hadi miaka 5, na kuna sababu nzito. Kichanga anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Joto la kwapani lililoshuka chini ya nyuzi 35.5 ni la kutisha sawa na lililofika 37.5. Kichanga asiyenyonya vizuri, asiyejisogeza mpaka aguswe, aliyepata degedege, au ambaye kifua chake kinabonyea sana anapovuta hewa, apewe rufaa ya haraka bila kusubiri dalili nyingine.

Kwa mtoto mkubwa zaidi, tafuteni kwanza dalili za hatari kabla ya kuulizia kikohozi au kuharisha: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea au hazindukani. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote, kwa sababu ni hapa maneno hupotosha. Ukimuuliza mama, “Ananyonya?” anaweza kujibu ndiyo akimaanisha kwamba amejaribu kumpa ziwa. Mwombe amnyonyeshe mbele yako, kisha angalia kama mtoto analishika ziwa, anavuta na kumeza. Ikisemekana anatapika kila kitu, apewe maji kidogo kwa kikombe na mtazame pamoja kama yanakaa tumboni. Kulegea nako si usingizi wa kawaida. Mtoto aliyelala huamka akiitwa au mama akipiga makofi, na akiamka huangalia uso wa mtu.

Kisha pumzi, angali ametulia kwa mama. Nguo ipandishwe taratibu mpaka kifua na tumbo vionekane, na zihesabiwe kwa dakika 1 nzima. Siungi mkono desturi ya kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mwendo mmoja na kosa dogo hukua mara nne. Pumzi 60 au zaidi ni za haraka kwa aliye chini ya miezi 2, na kwa huyo hesabu irudiwe ili kuthibitisha. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka huchukuliwa kuwa na nimonia. Sauti kali inayosikika anapovuta hewa akiwa ametulia ni dalili ya hatari, na mtoto huyo asisumbuliwe kwa kukaguliwa koo.

Kwa anayeharisha, ulizeni siku ngapi na kama kuna damu, maana kuharisha kwa siku 14 au zaidi, au damu kwenye kinyesi, hubadilisha matibabu. Upungufu wa maji hupimwa kwa kumtazama: macho yaliyodidimia, mtoto msumbufu asiyetulizika, anayekidaka kikombe kwa kiu au, vibaya zaidi, asiyeweza kunywa. Finyeni ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, mkunjo ukielekea kichwani na miguuni, kisha achieni. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na pamoja nayo kuna macho kudidimia, kulegea au kushindwa kunywa, upungufu ni mkali. Zinki kwa siku 10 hadi 14 iandamane na dawa ya kurudisha maji. Walezi wengi huiacha kinyesi kinapokuwa kigumu, hivyo waelezwe sababu mapema.

Homa isiitwe malaria kabla ya kipimo mahali ambapo kipimo kipo. Shingo iliyokakamaa, au homa ya kila siku kwa zaidi ya siku 7, huhitaji rufaa. Upele uliotapakaa mwilini pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu huelekeza kwenye surua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa upele hauonekani kirahisi, hivyo pitisheni kidole kuuhisi. Sikio linalotoa usaha lisipuuzwe, na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni wa kupelekwa hospitali.

Lishe na damu ziangaliwe kwa kila mtoto, hata aliyeletwa kwa mafua tu. Kuanzia miezi 6, mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, chini ya milimita 115, au miguu yote miwili inayobaki na shimo ikibonyezwa kwa kidole gumba, ni utapiamlo mkali. Ili kujua kama damu imepungua, weupe wa viganja vya mtoto ulinganishwe na vya mama, isipokuwa mama naye awe na upungufu wa damu.

Anayepewa rufaa apate dozi ya kwanza inayohitajika kabla ya safari, afunikwe vizuri, na aendelee kunyonya njiani kama anaweza. Anayerudi nyumbani asiondoke mpaka mama ameeleza, kwa maneno yake mwenyewe, ataona nini kitakachomrudisha hata usiku: mtoto kushindwa kunywa, kupumua kwa shida, kuzidiwa, homa, au damu kwenye kinyesi.