Jinsi ya kuomba leseni ya utafiti wa maziwa nchini Kenya

Tuseme wewe ni mtafiti kutoka Uganda au Uholanzi, na unataka kushirikiana na wenzako wa Kenya kupima sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) katika maziwa ya wafugaji wadogo wa Nyandarua. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inakutaka uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza. Wengi hukimbilia kufungua akaunti ya maombi kwenye mtandao wa NACOSTI. Hiyo ndiyo kazi nyepesi, iache kwa sasa.

Anza na mwenyeji. Mgeni haombi peke yake: taasisi ya Kenya, kwa mfano KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, au chuo kikuu, lazima ikuandikie barua ya kukubali ushirikiano. Mtafute mapema, pendekezo likiwa bado linaweza kubadilishwa. Ukimletea kazi iliyokwisha pangwa, yeye abaki kukusanya sampuli tu, usishangae akikataa.

Kisha tafuta kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI. Hapa ndipo siku huyoyoma. Andaa fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo mfugaji anaielewa, Kikuyu au Kiswahili. Ieleze kamati: mfugaji ambaye maziwa yake yatakutwa na sumu ataambiwa nini, na kama jina lake litamfikia mnunuzi. Swali hili ni zito: soko la maziwa ndilo linalolipa karo. Ukitoa ng'ombe damu, omba pia kibali cha kamati ya ustawi wa wanyama.

Sasa fungua akaunti. Pakia picha, nakala ya pasipoti, pendekezo, barua ya mwenyeji na kibali cha maadili. Taja kila kaunti utakayofika. Ada hutegemea uraia na aina ya mwombaji, tunza risiti. Leseni ni ya mwaka mmoja, kisha huhuishwa.

Ukiipata, jitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti na serikali ya kaunti kabla ya kwenda mashambani. Chifu naye ajue, maana gari geni likipita boma hadi boma alfajiri, watu wakikama, litazua maneno.

Soma masharti vizuri: leseni haikuruhusu kuhamisha sampuli. Za kwenda maabara ya nje, waone maafisa wa serikali wa huduma za mifugo. Ukitenga bakteria wa mala (maziwa ya kugandisha) ili kuchunguza vinasaba vyao, NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ina kibali chake.

Kazi ikiisha, wasilisha ripoti NACOSTI, na nakala nyingine ukipelekee chama cha ushirika kilichokukutanisha na wafugaji.