Namna ya kupunguza kahawa bila kichwa kupasuka

Mimi ni mlinzi wa usiku. Miaka sita kahawa chungu ndiyo ilikuwa mwenzangu wa zamu: vikombe vitano, kashata pembeni. Siku niliyoikata ghafla, kesho yake kichwa kilidunda kama kinu.

Kwanza elewa unapambana na nini. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Inaingia kwenye vipokezi vya seli za neva kama ufunguo kwenye kufuli, na seli zinapunguza kasi. Ndipo usingizi unakuja. Kafeini, kile kitu kwenye kahawa kinachokuweka macho, inafanana nayo, kwa hiyo inaingia kwenye kufuli hilohilo, ila haifungui kitu. Inaziba tundu tu. Ukizoea, ubongo unaongeza vipokezi. Ukiacha ghafla, adenosini inavikuta vyote wazi, mishipa ya damu kichwani inatanuka, na hapo utajua hujui.

Basi punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu nne. Anza na kile cha mwisho, maana saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini: cha saa kumi alfajiri kinakuibia usingizi wa asubuhi. Chai ya rangi nayo inayo (hapo nilijidanganya wiki nzima), na soda ya kola pia. Kichwa kikiuma, soma pakiti kabla ya kumeza dawa. Nyingine zimetiwa kafeini.

Siku hizi nanywa kimoja, saa mbili usiku, nikishafunga geti.