Jinsi ya kula kwenye deli kongwe ya kosher New York bila kuomba chizi kama mimi

Siku ya kwanza naingia deli ya kosher hapa New York (yaani mgahawa wa nyama na sandwichi unaofuata sheria za chakula za Kiyahudi) niliagiza sandwichi ya nyama, nikasema niwekeeni na chizi juu, halafu mniletee na chai ya maziwa. Mhudumu alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, akaniambia hapa hakuna chizi mwanangu, hakuna maziwa, hata siagi hakuna. Mimi nikadhani vimeisha. Nikamuuliza sasa vinaletwa saa ngapi. Meza ya jirani walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na supu.

Kwa hiyo hii naiandika ili yasikukute yaliyonikuta, maana hizi deli za zamani za mtaani ni sehemu nzuri sana kwa mtu anayependa nyama, na sisi tunapenda nyama tusidanganyane, ila ukiingia kama unaingia kwenye duka la baga utaagiza vibaya, utatoka umelipa hela nyingi na hujala kile watu wanachofuata pale.

Anza na hili, ukilielewa hili menyu nzima inajieleza. Kosher deli ni jiko la nyama. Kwenye Torati imeandikwa mara tatu, ukitaka kusoma anza na Kutoka 23:19, kwamba usimpike mwanambuzi kwenye maziwa ya mama yake, na marabi wakalipanua hilo mpaka nyama yoyote, kuku akiwemo, haikai pamoja na kitu chochote cha maziwa, iwe sufuria, sahani, kisu au tumbo lako kwa muda fulani baada ya kula (kuna wanaosubiri saa 6, kuna wanaosubiri 3, inategemea asili ya familia). Ndio maana kahawa inakuja na maziwa ya unga yasiyotoka kwa ng'ombe, keki imetengenezwa kwa mafuta badala ya siagi, na vile vikate vya viazi vinavyoitwa latke vinakuja na rojo ya tufaha tu. Samaki na mayai wako katikati, hawahesabiwi kuwa nyama wala maziwa, ndio maana utawakuta humo humo.

Na hapo kuna kosa moja dogo ambalo watu wenye watoto wanalifanya bila kujua: usiingie na yogati ya mtoto ukaifungulia mezani. Sio kwamba watakufukuza kwa ukali, lakini umewaingizia maziwa kwenye jiko na vyombo ambavyo wanavilinda kila siku. Mlishe nje kwanza.

Nguruwe usimtafute, hayupo, na kamba na kaa pia hawapo. Mnyama lazima awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, achinjwe kwa utaratibu wao, damu itolewe kwa chumvi. Halafu kuna jambo lililonifurahisha nilipolijua: sehemu ya nyuma ya ng'ombe kwa kawaida haitumiki kwa sababu ya mshipa wa paja, habari inayotoka kwenye kisa cha Yakobo kushindana mweleka mpaka nyonga ikateguka, kuutoa huo mshipa ni kazi ndefu kwa hiyo wachinjaji wengi wa huku wanaiuza tu hiyo nusu ya nyuma kwa wengine. Kinachobaki ni mbele, kidari na sehemu ya chini ya tumbo, nyama ngumu yenye mafuta, sasa nyama ngumu unaifanyaje? Unailoweka, unaitia moshi, unaipika taratibu. Pastrami hiyo hapo.

Kuhusu Waislamu wenzangu, najua swali linakuja. Kuna wanaokula kosher kwa kutegemea aya ya 5 ya Surat al-Maida inayohusu chakula cha Ahlul Kitab (watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo), kuna wanaosema hapana, lazima iwe halali yenyewe. Mimi sio sheikh, muulize unayemwamini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nguruwe hayupo kabisa, ila divai haijakatazwa kwao, na deli zingine zinauza bia, kwa hiyo kama kuna kitu kimepikwa kwa mchuzi uliza kwanza.

Sasa twende wapi. Wengi wakisikia deli wanakimbilia Katz's kule Lower East Side, ipo tangu 1888 na pastrami yake ni tamu kweli, lakini sio kosher, wanaweka chizi kwenye sandwichi bila wasiwasi. Ukitaka ya kosher yenye historia kuna 2nd Ave Deli, ilifunguliwa 1954 na Abe Lebewohl pale Second Avenue na East 10th, yeye mwenyewe aliuawa na majambazi 1996, deli ikafungwa mwanzoni mwa 2006 kwa ugomvi wa kodi ya pango, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007 kwenye East 33rd ikabaki na jina lile lile, yaani jina linasema Second Avenue na hata haipo Second Avenue, usizunguke kuitafuta kule chini kama nilivyofanya.

Lakini ninayoipenda mimi ni Liebman's, Riverdale, Bronx, kwenye West 235th, ipo tangu 1953. Panda treni namba 1 shuka 231st, halafu basi au miguu, ila kwa miguu ni kilima, ukifika una njaa ya kutosha. Miaka ya 1930 karibu nusu ya wakazi wa Bronx walikuwa Wayahudi, na deli za namna hii zilikuwa mitaa yote, kisha watu wakahama kwenda vitongoji vya nje na deli zikafa moja moja. Hii imebaki. Ukikaa pale mchana wa Jumapili utaona bibi anakuja na kitembezi chake, mhudumu hamuulizi anataka nini.

Kitu kingine kabla hujaalika mtu. Sio kila deli ya kosher inakubalika kwa kila Myahudi. 2nd Ave kwa mfano inafungua hata Jumamosi, siku ya Shabati, na Wayahudi wengi wa Orthodox, wale wanaoshika sana sheria, kwa sababu hiyo hawali pale hata kama nyama yenyewe ni kosher. Kwa hiyo kama unampeleka bosi wako au mfanyakazi mwenzako anayeshika dini, muulize yeye anakula wapi, usimfanyie sapraizi. Cheti cha usimamizi huwa kimebandikwa ukutani au dirishani, jina la aliyesimamia limeandikwa pale, wao wanajua kusoma hilo. Na sikukuu zao piga simu kwanza, hasa Yom Kippur, siku yao ya kufunga, na Pasaka yao ambayo mkate wenye chachu hauliwi siku nane.

Haya umeingia. Upande mmoja kuna kaunta na upande mwingine meza. Kaunta ni ya kubeba au kununua kwa uzito, simama kwenye foleni, jua unachotaka kabla hujafikiwa, mkataji hana muda wa stori wakati wa mchana. Ukitaka kukaa subiri uoneshwe meza. Ukishakaa tu kuna bakuli linakuja hata kabla hujasema neno, matango ya achari na mara nyingi kachumbari ya kabichi, hiyo ni bure, usiisukume pembeni ukidhani umebambikiwa. Matango yako aina mbili, ya kijani kibichi ambayo yamekaa siku chache kwenye maji ya chumvi, bado yanalia krach, na yale ya kijani kilichofifia ambayo yamechacha kabisa na yamejaa kitunguu saumu. Mimi ni wa yale yaliyochacha, yananikumbusha achari ya ndimu ya nyumbani. Yala katikati ya nyama, sio yote mwanzoni, kazi yake ni kukata mafuta.

Pastrami sasa. Ni nyama iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na viungo kwa siku nyingi, ikapakwa pilipili manga na mbegu za giligilani, ikatiwa moshi, halafu ikapikwa kwa mvuke mpaka ikalainika. Jina limetoka Romania, wahamiaji walikuja nalo, na hapa Marekani ng'ombe ndiye alikuwa rahisi kwa bei basi ikawa ya ng'ombe. Corned beef ni ndugu yake ambaye hajapita kwenye moshi, inachemshwa tu, ni laini na chumvi chumvi, nzuri lakini kama ni mara yako ya kwanza usianzie huko.

Mkataji au mhudumu atakuuliza unataka isiyo na mafuta au yenye mafuta. Usiseme isiyo na mafuta! Najua daktari kakwambia, lakini ile inakauka kama karatasi, bora usile siku hiyo. Sema ya wastani, ndio salama. Na mkate ni wa rai, nafaka inayofanana na ngano, ule wenye mbegu za kisibiti, na cha kupaka ni haradali ya rangi ya udongo. Mayonezi dini haijakataza, ni mayai na mafuta tu, lakini ukiomba mayonezi kwenye pastrami utaona uso wa mhudumu unavyobadilika, na ketchup usiitaje kabisa mbele ya wazee.

Sandwichi moja ina nyama kirahisi robo kilo, imerundikwa mpaka hujui uanzie wapi. Usijaribu kuing'ata yote kwa urefu wake. Toa nyama kidogo kwa uma, kula hivyo hivyo na tango, ikishuka ndio ufunge mkate ule kwa mikono. Na bei imechangamka, hesabu dola 20 na zaidi kwa sandwichi peke yake, ndio maana ushauri wangu nendeni wawili, agizeni sandwichi moja na supu mbili. Soma chini ya menyu kwanza lakini, deli nyingi zinatoza nyongeza mkigawana sahani.

Supu ni ile ya kuku yenye donge la matzo, unga wa mkate usiotiwa chachu umechanganywa na mayai na mafuta ukaviringwa kama ngumi ya mtoto. Ukiwa na mafua kunywa hiyo. Maini ya kusaga na kitunguu ni mazuri, mazito, sahani ndogo inatosha watu watatu. Ulimi wa ng'ombe kwetu sio kitu kigeni, hapa wanaukata vipande vyembamba ndani ya mkate, vijana wao wenyewe wanauogopa, wewe uagize tu. Gefilte fish, donge la samaki baridi lenye utamu utamu, nimejaribu mara mbili, imenishinda, sitakudanganya.

Kunywa soda ya Dr. Brown's. Ile ya Cel-Ray ina ladha ya selari, najua unavyofikiri, na mimi nilifikiri hivyo hivyo, ila na nyama ya mafuta inakaa vizuri kuliko kola. Ile inayoitwa cream soda haina krimu wala maziwa, jina tu.

Bili ikija kuna kodi 8.875% hapa mjini, na bakshishi ya mhudumu haimo. Watu wa hapa wanafanya hesabu ya haraka, wanazidisha ile kodi mara mbili halafu wanaongeza kidogo, unafika karibu 18 au 20 kwa mia. Usiondoke bila kuacha kitu, mishahara yao inategemea hiyo, na hawa ni watu wa miaka mingi pale, ukirudi watakukumbuka, kwa uzuri au kwa ubaya.

Hutaweza kumaliza. Omba wakufungie, wala hakuna aibu, kila mtu anatoka na kifurushi. Ukifika nyumbani usiitupe kwenye maikrowevu, inakuwa kamba ya viatu, weka chujio juu ya sufuria yenye maji yanayochemka, panga nyama humo, funika dakika tano. Mimi huwa naikunjia kwenye chapati na kachumbari ya pilipili usiku, na pembeni naweka kikombe cha chai ya maziwa ya tangawizi, maana hapa ni jikoni kwangu na yule mama wa miwani hanioni.