Kukunja ua la tulipu kwa karatasi moja bila gundi

Mpwa wangu alinijia na maua matatu ya karatasi, yote yamefumuka ubavuni, akaniomba gundi, nami nikamnyima. Tulipu ya origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, hujifunga yenyewe, na inapofumuka, kosa huwa lilifanyika kabla ya ule mkunjo unaolaumiwa. Kosa hilo nalijua vizuri, kwani liliwahi kunipotezea alasiri nzima.

Tumia karatasi ya mraba ya sentimita 15 kila upande, yenye rangi upande mmoja. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inakunjika, ila tabaka zinapoongezeka huwa nene na mikunjo hukataa kulala, kwa hiyo mimi huchagua iliyo nyepesi zaidi. Kila mkunjo upitishie ukucha.

1. Upande mweupe ukiwa juu, kunja kona kwa kona mara mbili upate milalo yote miwili, kisha kunjua. Igeuze, rangi iwe juu, uikunje katikati ukingo kwa ukingo mara moja tu, ukunjue tena. Kwa lugha ya michoro iliyoenezwa na Mjapani Akira Yoshizawa tangu miaka ya 1950, ukitazama upande mweupe, milalo ni mabonde (mikunjo iliyozama) na mkunjo wa katikati ni mlima (mkunjo ulioinuka).

2. Rangi ikiwa juu, sukuma ncha mbili za mkunjo wa katikati zikutane ndani. Utapata pembetatu yenye mabawa mawili kushoto na mawili kulia.

3. Elekeza kilele juu, ukunje kona mbili za chini za tabaka la mbele hadi kileleni. Geuza, ufanye vivyo hivyo nyuma.

4. Sasa una mraba uliosimama kwa kona, wenye mpasuko katikati, na hapa ndipo wengi huharibu. Kabla ya kukunja chochote, lipeleke bawa la mbele la kulia upande wa kushoto kama mtu anayefungua ukurasa, ugeuze ua, kisha upeleke tena la kulia kushoto. Nyuso zote mbili zinapaswa kuwa laini, zisizo na mpasuko. Ukiisahau hatua hii, petali zitanaswa ndani ya kifungo, yaani pale ubavu mmoja unapochomekwa ndani ya mwingine, na ukijaribu kuzichambua utafumua ubavu, kama ilivyomtokea mpwa wangu mara tatu na mimi mara nyingi kuliko hizo.

Kwenye uso ulio laini, kunja ubavu wa kulia hadi kona yake ivuke mstari wa kati kwa takriban nusu sentimita, kisha ubavu wa kushoto kwa kiasi kilekile. Ukivusha kidogo mno, kifungo hakitashika, na ukizidisha, ua litakuwa jembamba na gumu kupuliza. Ubavu mmoja una mfuko uliofunguka kwenye ukingo wake wa juu. Ufungue kwa kijiti cha meno, uchomeke kona ya pili humo hadi ikwame. Usipitishe ukucha kabla ya kuchomeka, kwa maana mfuko uliobanwa haufunguki bila kuchanika. Nyuma rudia yote, ukihakikisha kwamba upana ni ule ule, la sivyo ua litainama upande mmoja.

5. Chini kuna tundu dogo. Lishike ua kwa wepesi, vidole vikiwa mbali na vifungo, upulize taratibu. Lisipojaa, panua tundu kwa ncha ya penseli badala ya kupuliza kwa nguvu.

6. Chambua petali nne kutoka juu kwenda nje, kama maganda ya ndizi, na ukipenda zizungushe kwenye penseli ili zipinde.

Kikonyo hutengenezwa kwa mraba mwingine wa kijani uliokunjwa mwembamba, na ncha yake huingia kwenye tundu lile lile ulilopulizia. Hapo pia gundi haihitajiki.